Shimo la Juu ya Visima

Mama mmoja alikuwa ameketi ndani ya kaburi, na hakutaka kutoka.

Faustin alisimama ukingoni na jembe begani. Alifika Mweso asubuhi hiyo kutoka Karuba, pamoja na ukoo wa marehemu, kuja kusaidia kuchimba. Watu wa hapa hakuwajua. Shimo lilikuwa halijapita magoti wakati mama huyo alipopanda kilima, akakata katikati ya wachimbaji bila salamu, akaingia, akakaa chini kama mtu aliyefika kwake. Kitambaa cha kichwa kimefungwa ovyo. Macho mekundu. Faustin akawaza: huyu amekunywa pombe ya kasiksi, na jua bado changa.

"Mama, toka," akasema Théoneste, mdogo wa marehemu. "Muzee iko anangoja ndani ya nyumba. Tumuzike."

"Mumuzike. Nani amekataza? Lakini hapana hapa."

"Hapa njo ndani ya migomba yake. Baba yetu alilala nyuma ya nyumba yake, babu vilevile. Huyu unataka tumutupe wapi?"

"Kule ngambo." Akaonyesha kilima cha pili kwa kidevu. "Kule mutoto wa Dancille alipelekwa."

Wanawake waliokuwa wakipita na mitungi wakasimama. Mmoja wao akainamisha kichwa.

Damien, mchimbaji wa hapahapa, akamweleza Faustin kwa sauti ndogo. Visima vya mji viko pale chini, nyuma ya ua wa miti ya miyenzi. Zamani watu walikunywa mtoni, hadi mwaka ule wa kuhara damu, kila nyumba ikazika. Ndipo visima vikachimbwa, na mji wote ukakubaliana: udongo wa hapa unameza mvua mara moja na kuishusha majini, basi upande wa juu wa ua hapana choo, hapana ng'ombe, hapana kaburi. Mwaka jana Dancille alifiwa na kichanga. Alitaka kumlaza karibu na mlango wake, huku juu. Huyu mama ndiye aliyemkatalia. Dancille akambeba mtoto wake hadi ng'ambo, mvua ikimpiga, akitukana njia nzima.

"Kumbe iko na roho mubaya," Faustin akasema.

"Iko anachunga visima," akajibu Damien.

Théoneste akachuchumaa ukingoni. "Mutoto ni mutoto, Mama. Huyu iko mukubwa. Hata kiwanja ya visima alitoa yeye. Kaburi moja tu itaharibu nini?"

"Ya leo ni moja. Kesho mwingine atakuja na mufu wake, atasema mbona muzee alilala hapa. Nitamujibu nini? Nimwambie maji inaheshimu wakubwa?"

Mtu akacheka nyuma, kisha akaziba mdomo.

"Alisema mwenyewe alale hapa. Ulisikia."

"Nilisikia. Nilimwambia hapana akiwa na masikio. Sasa hana, njo nimwambie ndiyo?"

Faustin akachoka na maneno. Akatupa jembe, akaweka mguu shimoni ili amshike mama mkono. Damien akamvuta shati.

"Usimuguse. Leo hapana mutu wa kumugusa huyu."

Faustin akarudi nyuma haraka. Labda iko na dawa, akafikiri, na hakuuliza tena.

"Watasema ulimuchukia," Théoneste akasema, sasa kwa ukali.

"Waseme. Watasema wakikunywa maji safi."

Kisha mama akaanza kuvuta udongo kwa mikono miwili. Ukamwangukia miguuni, yeye akiendelea kuvuta, kama vile angejifukia mwenyewe ikibidi. Théoneste akasimama, akatazama wachimbaji. Hakuna aliyeinua jembe. Kuchimba palipo na mtu hai, nani angeanza?

Ndipo Dancille, yule aliyeinamisha kichwa, akatua mtungi wake. Alikuja polepole, akaokota jembe la Faustin, akasimama juu ya shimo akimtazama yule mama. Wote wakangoja matusi ya mwaka jana.

"Kule ngambo iko mawe mingi," Dancille akasema. "Mukichimba ovyo mutakawia. Mie najua wapi iko laini."

Akashuka na jembe bila kutazama nyuma. Damien akamfuata. Wengine wakafuata. Théoneste alibaki akinung'unika juu ya baba na babu, hadi akajiona amebaki na migomba peke yake, naye akashuka.

Mchana kipoyi cha mianzi kikavuka bonde mabegani mwa wanaume, marehemu juu yake amefungwa ndani ya mkeka mpya. Faustin alikuwa ametoka jasho. Kaburi lilikuwa refu na zuri, ubavuni mwa lile dogo. Katekista akasoma, watu wakaimba. Katekista akafunga kitabu, akasema mjane atangulie kutupa udongo.

Watu wakafungua njia. Faustin akanyoosha shingo amuone huyo mjane, maana tangu asubuhi hakuonyeshwa.

Akapita mama yule wa shimoni, Dancille amemshika mkono.