Kofia Isiyopanda Ukutani

Waliokuwepo Jumapili ile asubuhi, kwenye uwanja wa kulenga shabaha nyuma ya shamba moja la kondoo huko Herefordshire, walikuwa watatu: Desmond Yapp, mbonyeza kitufe cha mashine ya kurushia angani visahani vya kulengwa, Bi Gwenda Preece, mhesabu shabaha, na Aubrey Gwilliam, mgawa barua, aliyekuja na bunduki mpya kwake, kuukuu kwa wenzake. Mjane Muriel Bengry alikuwa bado njiani. Marehemu mumewe, Leonard, ambaye mwili wake ulichomwa kama alivyousia, kila mmoja aliamini kwamba yuko njiani pamoja naye, ndani ya kopo la majivu.

"Amepiga simu," alisema Bi Gwenda. "Anapekua nyumba nzima, kuna kitu hakioni. Ila amesisitiza kila mtu awe na bunduki yake."

"Kumwaga majivu nako kunataka bunduki?" Yapp alicheka. "Haya, bwana Posta, usisimame kama mlingoti. Ipashe moto hiyo ya mzee Leonard, tuone kama umenunua bunduki au fimbo ya kutembelea."

Aubrey alifungua sanduku la ngozi. Mitutu miwili, mmoja juu ya mwenzake, iling'aa kwa mafuta. Muriel alikuwa amemuuzia mlangoni, bila hata kumkaribisha ndani. Alimsukumia sanduku zima kama mtu anayeondoa kaa la moto mkononi, akasema hawezi tena kuliona kabatini. Kitako cha bunduki kilikuwa kimepindishwa kidogo kumfuata mtumia mkono wa kushoto, na katika chama chote cha walenga shabaha mashoto walikuwa Leonard na yeye tu. Alipokiegemeza shavuni, kilimkaa sawasawa. Kilichomsumbua ni kwamba, katika baridi ile, mbao yake ilikuwa na uvuguvugu, kana kwamba shavu jingine limetoka kuinuka hapo.

Risasi zake alikuwa amezisahau mezani jikoni. Lakini katika kijisanduku cha pembeni alikuta boksi lililojaa risasi ishirini na tano, lisilo na chapa. Halikumshangaza. Leonard alijaza risasi zake mwenyewe miaka yote, kwa mashine iliyokuwa bandani kwake.

"Vuta!" Aubrey aliita, na Yapp akabonyeza kitufe.

Kisahani kiliruka kutoka nyuma ya ua wa michongoma. Aubrey hakukumbuka kulenga. Kiligeuka vumbi.

"Barua imefika!" Yapp akapiga kelele.

Kikaja cha pili, na cha tatu. Aubrey, ambaye kwa kawaida hukosa kimoja katika kila vitatu, hakukosa. Kila alipovuta pumzi kabla ya kuita, alisikia pumzi nyingine ikivutwa karibu na sikio lake, na kila alipofyatua, ikishushwa. Aligeuka mara moja. Hapakuwa na mtu.

"Mbona vumbi lenyewe jeupe?" Bi Gwenda aliuliza. "Visahani ni vyeusi hivi."

"Baruti za Leonard hizo," Yapp alijibu. "Mzee yule alikuwa anabana matumizi. Nina hakika alichanganya na unga wa keki ya mkewe."

Wote wakacheka, lakini kicheko hakikudumu. Upepo wa magharibi ulikuwa ukiinamisha majani, na vumbi lile halikuenda nalo. Lilining'inia juu ya ua, kijivu, likizidi kuwa zito kwa kila mlio. Chembe zake zilimrudia Aubrey usoni, laini kama poda.

Ukutani mwa kibanda cha chama zilitundikwa kofia chache. Ilikuwa desturi: anayevunja visahani vyote ishirini na tano bila kukosa, kofia yake hupanda ukutani na haishuki tena. Kofia ya Leonard haikuwahi kupanda. Maisha yake yote kisahani cha mwisho kilimponyoka, naye maisha yake yote alirudi Jumapili iliyofuata.

"Kimebaki kimoja," alisema Bi Gwenda kwa sauti ndogo. "Aubrey, kimebaki kimoja tu."

Alitia risasi ya mwisho. Aliitaka kofia yake ukutani kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Na ilimjia kwamba kutaka kule hakukuwa kwake peke yake.

Ndipo gari la Muriel likaingia. Alishuka mikono mitupu, macho mekundu.

"Muriel, mpenzi, kopo liko wapi?" Bi Gwenda aliuliza.

Mjane alikuwa ameona boksi kwenye nyasi. Aliliokota, akaligeuza juu chini, akalitikisa. Kisha akatazama maganda matupu ya risasi miguuni pa Aubrey, na wingu la kijivu juu ya michongoma.

"Nisamehe, mama," Aubrey alisema, akaifungua bunduki na kuinamisha mitutu. "Zilikuwa ndani ya sanduku. Nikadhani ni zile zake za kawaida. Nitakununulia nyingine."

"Hazinunuliwi," alisema Muriel. Kisha alijifuta uso, akavua kichwani mwake kofia ya kiume ya sufu, kubwa kuliko kichwa chake, akawageukia wote.

"Sikilizeni. Zile risasi nilizijaza mimi majivu yake, kwa mashine yake, ili leo tugawane tumrushe angani, nikasahau kwamba niliziweka sandukuni. Kopo limebaki tupu nyumbani. Nimeamua hivi: kipande cha Leonard kilichobaki humo bundukini kitafyatuliwa na huyu huyu aliyeanza kumrusha, na kisahani kikivunjika, kofia itakayopanda ukutani ni hii yake."