Moja Juu, Mbili Chini

Hii nilisimuliwa na Precious, yule anayetengeneza kadi kwenye steshenari moja ya Buhongwa, Jumapili iliyopita tukichambua dagaa kwangu.

Mteja mmoja, Wilhelmina, alisimama nyuma yake, kidole karibu kitoboe kioo cha kompyuta.

"Hapo! Nataka kadi yangu iwe hivyo hivyo."

Kwenye kioo ulikuwa mtihani wa hesabu ulioletwa na mwalimu fulani uchapwe. Alichokionyesha ni nusu: moja juu, mstari, mbili chini.

"Mimi moja, yeye mbili. Na mstari usisahau."

Alikuwa ametoka Kigongo asubuhi na karatasi ya mumewe, Luhaga, ambaye ndiye aliyemwelekeza kwenye duka hilo. Kadi ilikuwa ya sendofu, sherehe ya kumuaga binti yake, Getruda, anayeolewa. Luhaga aliandika wanaoalika: yeye, Wilhelmina, na Mama Kija. Huyo Mama Kija ni mke mdogo, wa mjini. Miaka mitano Wilhelmina hajamwona hata uso, na sasa wageni wawasome sawasawa, kwenye sherehe ya mtoto aliyemzaa yeye!

Precious aliisoma karatasi mara mbili.

"Mama, nikiandika kama nusu, majina yote mawili yanakuwa madogo."

"Basi nipandishe mimi, kama ile mbili ya mita za mraba."

"Jina likipanda nalo hupungua."

"Kumbe! Basi mimi niache nilivyo. Yeye mteremshe, kama ile mbili ya maji kwenye madaftari ya kemia."

Precious alichagua jina, akabonyeza. Mama Kija akazama, mdogo kama chawa.

"Punguza tena."

Akapunguza.

"Tena, binti yangu. Asomwe na sisimizi."

"Amekukosea nini, mama?"

"Ananicheka huko aliko. Najua tu."

"Labda anakuogopa."

"Wewe humjui. Chapa!"

Kadi zikatoka. Wilhelmina alimshika Precious mkono, akamwombea kwa Mungu apate mume wa peke yake, akaondoka anatabasamu.

Jioni Precious akafunga duka, akaenda nyumbani, akapika. Mtoto alisinzia ugali ukiwa bado mkononi. Baba mtu naye akajinyoosha kitandani, macho ameshafumba.

"Mama Kija, kadi zimetokaje?"

"Amezipenda," Precious akamjibu Luhaga, na kabla hajamaliza kuvuta shuka mume alikuwa anakoroma. Akazima taa, akalala.