Uhakiki wa Matrilioni

Kwenye fomu ya uhakiki wa wafanyakazi, palipoulizwa "Idadi ya wanaoondoa naitrojeni kwenye majitaka", fundi wa mtambo alijaza neno moja: matrilioni.

Mumewe aliposikia, alishika kichwa. "Mama watoto, umejichimbia kaburi! Watu wanafukuzwa kazi kwa mfanyakazi hewa mmoja tu, jina lisilo na mtu. Wewe unawapelekea matrilioni?"

"Wameuliza, nimejibu. Au ulitaka nidanganye?"

Alisema kijeuri, ila moyoni aliogopa. Miaka kumi na tisa aliulea mtambo ule; kazi nyingine hakuijua.

Wiki haikuisha, mhakiki akatua na mkoba na kalamu mbili, ya bluu na nyekundu. Kiti alikikataa.

"Nataka kuwaona wote. Wapange mstari."

"Hawapangiki, bwana. Twende uwaone hukohuko waliko."

Alimpeleka kwenye tangi la kwanza, ambako mashine ilipuliza hewa mpaka maji yakatokota bila moto. Akachota kipande cha plastiki, kidogo kama kifuniko cha chupa, chenye vijumba kama sega la nyuki. Kilikuwa kimevaa utando wa kahawia unaoteleza kama kamasi.

"Hawa hapa. Bakteria. Hawa wanakula amonia, ule ukali wa mkojo unaochoma pua. Wenzao wa tangi la pili hewa hawaitaki kabisa. Wanapokea kilichobaki, wanakigeuza gesi, inapanda juu na kwenda zake. Wakigoma siku mbili tatu, samaki wa mtoni wataelea matumbo juu."

Mhakiki aliukazia macho utando. "Basi zima mashine, watoke tuwahesabu."

"Nikizima watakosa pumzi, watakufa!"

"Mfanyakazi anayekufa akitakiwa kuhesabiwa," mhakiki alisema, akitoa kofia ya kalamu nyekundu, "tunamjua ni wa aina gani."

Fundi alimshika mhakiki mkono, akamkokota hadi maabara, akakwangua utando kidogo na kuuweka chini ya hadubini.

"Tazama mwenyewe."

Mhakiki aliinama. Akakodoa jicho muda mrefu, hata fundi akaanza kuwaza atauza nini sokoni.

"Wapo," mhakiki alinong'ona hatimaye. "Wamebanana, lakini kila mmoja yuko kwenye shughuli yake. Saa hizi ofisini kwetu hakuna hata mmoja aliye mezani."

"Hawa hawatoki kwenda kula, bwana. Kazi yenyewe ndiyo chakula chao."

"Likizo?"

"Hawaijui."

"Majungu?"

"Wanaishi wameshikana. Mmoja akiachia, na jirani yake anabanduka."

Machozi yakamlenga mhakiki. Alivua koti, akavuta kile kiti alichokikataa, akaomba utando mwingine, na mwingine tena. Hadi alasiri alikuwa ameinamia hadubini, akipiga tiki za bluu ukurasa baada ya ukurasa. Chai aliyowekewa ilipoa bila kuguswa.

"Nimehakiki wizara nane," alisema akijinyoosha mgongo. "Sijaona watu kama hawa. Na wewe, mama, unawasimamiaje wote hawa peke yako?"

Fundi aliona haya. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumsifu, na sifa zilipokuja hakujua aziweke wapi.

"Ah, mimi tena? Mimi sina langu hapa, bwana. Mimi ni wa hewa tu, basi. Kazi yote ni yao."

Mhakiki aliinamisha kichwa kwa heshima, akaandika mstari mmoja mrefu, akafunga mkoba. Langoni aligeuka, akalipungia tangi mkono.

Moyo ukamtua fundi. Alifika nyumbani anaimba.

"Nilikwambia, baba watoto. Ukweli haumfukuzishi mtu kazi."

Barua ilifika baada ya wiki mbili. Mumewe ndiye aliyeichana bahasha, akaisoma kwa sauti hapo hapo mlangoni, tabasamu likimfika masikioni:

"Uhakiki umethibitisha kwamba wafanyakazi wote matrilioni wapo, wako hai, na ni wachapakazi wa kupigiwa mfano. Katika mtambo mzima amepatikana mfanyakazi hewa mmoja tu, naye amekiri kwa kinywa chake mwenyewe."