Kura Mia Nne na Kumi na Mbili

Kura za Jumapili ijayo zilihesabiwa Jumanne, saa nne asubuhi, na mtu mmoja aliyekuwa akila chungwa.

Mtu huyo alikuwa msimamizi wa uchaguzi wa jimbo. Alifyonza kipande, akatemea mbegu kiganjani, akaandika tarakimu kwa kalamu nyekundu. Akafyonza tena, akaandika tena. Alipomaliza alimsukumia karani wake karatasi iliyolowa maji ya chungwa pembeni.

"Chapa hivyo hivyo. Nakala moja. Na usinirekebishie jumla, nimeshaipanga."

Karani aliishika kwa ncha za vidole, kama mtu aliyetumwa kutupa panya aliyekufa. Katika miaka yake kumi na miwili ya ofisi ile alikuwa amechapa matokeo ya namna hii mara mbili. Mara zote mbili alirudi nyumbani akaoga, akaoga tena, kisha maisha yakaendelea. Chama kilitawala tangu kabla hajazaliwa. Bunge lote lilikuwa lao, kuanzia spika hadi mazulia. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Naye aliubusu mpaka midomo ikachubuka.

Ila mara hii aliyekuwa akishindana na mgombea wa Chama alikuwa kaka yake, wa tumbo moja.

Watu walimwita Radi. Alikuwa mwalimu kabla ya siasa, na sauti yake haikuhitaji kipaza sauti. Miezi mitatu sasa alikuwa akisimama sokoni, akiwaita wezi kwa jina lao, na wauza nyanya wakiacha mizani zao kumsikiliza. Mbele ya jina lake msimamizi alikuwa ameandika 412.

Msimamizi alimwona alivyoganda. Akacheka, uzi wa chungwa ukimning'inia menoni.

"Usijali, dada. Kaka yako hatalia."

Dhihaka hiyo ndiyo iliyomkata maini. Alichapa nakala mbili. Ya pili aliikunja mara nne, akaitia ndani ya kiatu, chini ya unyayo. Saa sita askari wa getini alimpekua mkoba mpaka kitana, akamruhusu. Alitembea barabara nzima, kila hatua akiukanyaga ushindi wa Chama.

Nyumbani kwa mama yao, chumba cha mbele kilikuwa kimegeuzwa ofisi ya kampeni. Nje, karibu na dirisha, fundi viatu wa jirani alikuwa akibandika mabango ya Radi kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa ndani ya plasta. Vijana wa Chama waliuvunja wiki iliyopita, walipomkuta na ndoo ya gundi.

"Mkono unaendeleaje?"

"Mkono utaunga tu, dada. Nchi ndiyo imevunjika." Akaucheka utani wake mwenyewe. "Jumapili tunawang'oa!"

Karani aliinamisha uso, akapita.

Ndani, kaka yake alikuwa mbele ya kioo akifunga tai. Waangalizi wa uchaguzi kutoka nje walitarajiwa kwenye mkutano wake alasiri hiyo. Redio ya serikali yenyewe ilikuwa imejisifu asubuhi kwamba safari hii hata jimbo hili lina upinzani.

"Mdogo wangu, saa hizi? Umefukuzwa kazi?"

"Bado." Alifunga mlango, akavua kiatu. "Kaka, mawakala wa kukusimamia vituoni umeshawateua?"

"Mungu ndiye wakala wangu," akajibu, kama alivyokuwa akijibu wiki mbili nzima.

"Mungu hakuwepo ofisini leo."

Akamkabidhi karatasi, bado ina joto la mguu. Kaka aliikunjua, akaisoma kutoka juu, midomo ikicheza. Alipofika kwenye jina lake, midomo ilisimama. Akalirudia. Mshipa ulimtutumka kwenye paji la uso.

Dada aliona sasa ndiyo saa yenyewe, akayamwaga yote kabla woga haujamrudia.

"Wasomee leo, mbele ya wageni. Waandishi watakuwepo. Wakiuliza imetoka wapi, sema kwangu, nami nitasimama pale pale. Wanifunge. Miaka kumi na miwili nanuka, kaka. Najisikia mwenyewe ninavyonuka. Mama nitamwachia ufunguo wa chumba changu. Na yule pale nje, amevunjwa mkono kwa ajili yako. Wasomee!"

Kaka alikwenda dirishani, akamtazama fundi viatu akilisawazisha bango kwa kiwiko, kisha akalifunga dirisha taratibu. Akatoa simu mfukoni. Kwa hasira alikosea namba mara ya kwanza.

Dada aliketi kwenye rundo la mabango. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe alijisikia msafi. Sasa itapiga, aliwaza. Sasa radi itapiga, na wote watasikia.

"Shikamoo, mzee," kaka alisema kwenye simu, kwa sauti ndogo ambayo dada yake hakuwahi kuisikia. "Samahani kwa usumbufu. Hizi mia nne na kumi na mbili ndiyo nini? Si tulikubaliana elfu sita? Uchaguzi ujao nani ataniamini, mzee?"