Bibi Kakakuona na Jicho la Kamera

Sogeeni basi, niwape hiki. Alikuwepo Bibi Kakakuona, mzee sana, na ukoo mzima hauna hata picha yake moja. Mjukuu wake, Mashavu, akaapa: "Mwaka huu hauishi bibi yangu hajapigwa picha!"

Akaenda kwa Nyani, muuza kamera. Nyani huyo kwa majisifu humwezi. "Chukua hili kubwa, ndilo la mafundi. Hako kadogo ka mfukoni ni ka watoto kuchezea."

Mashavu akalibeba kubwa, shingo inamuuma. Bibi akawekwa kwenye kigoda. Lile jicho la kamera lilipomwelekea tu, akajikunja, akawa mpira. Na kakakuona akijikunja, hata simba hamkunjui.

"Bibi jamani, fungua uso!"

"Ondoa mzinga wako kwanza, mjukuu wangu!"

Siku tatu, mpira tu. Ya nne Mashavu akalirudisha. "Nipe kadogo."

"Utajuta," Nyani akamcheka.

Mashavu akaenda kukaa na bibi penye kichuguu. Wakala mchwa, wakapiga soga, kamera imo kiganjani. Bibi akakumbuka vituko vya marehemu mumewe, akaangua kicheko, ulimi nje. Kacha! Wala hakushtuka. Alipoonyeshwa akasema, "Kumbe bado nina uzuri wangu!"

Nyani alipoiona hiyo picha akabetua midomo. "Ina ukungu. Kwa lile kubwa ungehesabu kila gamba."

"Magamba baki nayo wewe, kaka Nyani," Mashavu akamjibu. "Mimi nimempata bibi."