Rangi za Kulambwa

Mama mkwe alikilamba tena, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakodoa macho.

Mkamwana wake akageuza uso. Kilikuwa kipande cha uzi wa manyoya, urefu wa kidole, nyuzi za rangi mbili zimesokotwa pamoja. Huo ndio mwili wa chambo bandia. Ndoano hufungwa baadaye. Na mate yalikuwa yananing'inia.

"Kikavu chaongopa, kikilowa chasema kweli. Tegua!"

"Mama, mimi nataka kutapika, wewe unanitegea vitendawili!"

"Samaki hakioni kikavu, mwanangu. Ukilambe ndipo uione rangi yake ya majini."

Nyumba nzima ilinuka gundi. Manyoya yalikuwa kwenye sukari, kwenye vijiko, juzi hata kwenye uji wa mtoto. Asubuhi ile mkamwana alishindwa. Akaibeba sinia yote ya vipande akaisukumia nje kwenye kizingiti cha dirisha, chini ya matawi ya mpera, angalau watu wanywe chai kama binadamu.

Lakini chai yenyewe, na sukari yake, na kodi ya nyumba, vyote vilitoka kwenye sinia hiyo. Na mwenye duka la vifaa vya uvuvi alikuwa njiani. Mzigo uliopita aliurudisha. "Rangi zimezama, Mama. Macho yako yamechoka." Leo alitaka kuonyeshwa kipande kimoja tu. Kisipompendeza, kazi anampa mwingine.

"Nichagulie wewe," mama mkwe akasema kwa sauti ndogo. "Siku hizi kahawia na zambarau naziona mamoja."

Mkamwana akachovya kimoja kwenye bakuli la maji. Manyoya yakalala kama panya aliyezama. Ptu! Hakifai. Maji yamezidi; kweli kiasi chake ni mate.

Mlango ukagongwa.

Akapekua sinia haraka haraka. Hiki hapana, hiki hapana... Hapo! Kahawia iliyokolea, ikayeyukia kwenye dhahabu, usijue moja inaishia wapi. Kumbe bibi huyu bado fundi.

Akafumba macho, akakilamba.

Kichungu! Ulimi ukamwasha mpaka machozi yakamtoka. "Gundi hii itaniua," akajisemea, akijizuia asitapike. Lakini rangi sasa! Zilikuwa zinawaka.

"Mama, nimelamba! Mimi! Kahawia na dhahabu!"

Mwenye duka alikwishaingia. Akainama juu ya kiganja cha mkamwana, uso ukamchanua. "Hicho hicho! Nifungieni vyote viwe hivyo. Kazi ni yenu."

Mama mkwe akapiga makofi ya furaha. Kisha akasita.

"Umesema dhahabu, mwanangu? Mbona uzi wa dhahabu mimi sijapata kuwa nao?"

Kabla mkamwana hajajibu, kile kitu kilijikunja, kikajinyoosha, kikaanza kupanda kidole chake.