Sahihi ya Bi Zamda

"Sahihi haifanani, mama," alisema karani wa benki, akairudisha karatasi chini ya kioo.

Akaunti ya Bi Zamda ilikuwa imezuiwa, na isingeachiwa mpaka sahihi yake ilingane na ile aliyoiweka zamani, enzi za duka lake la vitenge. Mahakama ilimpangia kuwalipa wadai wake kidogo kidogo. Fungu la mwezi huu lisipofika leo, mpango umevunjika, na dalali atakuja kubeba vyombo. Hayo aliyajua, lakini hayakumshtua tena. Yalikuwa kama habari za jirani.

"Hii ndiyo sahihi yangu, mwanangu. Sina nyingine."

Kijana akatazama huku na huku, kisha akaigeuza kompyuta yake kidogo. Jina la Bi Zamda lilikuwa limesimama wima pale, mkia wa herufi ya mwisho umezunguka chini yake, ukapaa juu na kuishia kwenye nukta mbili.

"Nukta za nini?" aliuliza Bi Zamda.

"Mimi nitajuaje, mama? Ni zako."

Bi Zamda akainama, akaiiga polepole, mkunjo kwa mkunjo, kama mtu anayeghushi sahihi ya tajiri.

"Sasa umepatia," karani akasema, akagonga muhuri. "Fungu limekwenda."

Bi Zamda hakuondoka. Foleni ikaanza kuguna nyuma yake, na kidole chake kikaendelea kuuchora ule mkia juu ya kaunta, kikizunguka, kikipanda, kikizitafuta zile nukta.